Kidude Shingoni, Ubao Kwapani

Fleti ya binti yangu, kule Peckham, haina nafasi ya ubao. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, siku mwanawe alipoingia nyumbani na mbao mbili za kupandia mawimbi: mmoja mrefu kuliko mlango, na mwengine mfupi, wa sponji, wa kulalia kifudifudi. "Humu mtu akigeuka kitandani anagonga friji," binti yangu akasema. "Mpelekee Bibi." Basi mbao zikaletwa kwangu Tottenham, ghorofa ya tatu, zikasimamishwa nyuma ya mlango, na kila mgeni akiingia ananiuliza kama nimeanza useremala.

Mwaka haujamalizika, binti huyohuyo akaja kunambia kwamba fleti ileile ina nafasi yangu mimi.

Sikucheka. Nilimuuliza tu nitasimamishwa wapi, nyuma ya mlango au kando ya friji. Akasema kuna chumba cha nyuma. Hicho chumba nakijua. Mashine ya kufulia iko ukutani, na ikianza kuzungusha, kitanda nacho kinatembea.

Yote haya yaliletwa na kidude. Ni kitu kama kifungo kikubwa cha koti, cha kijivu, kimefungwa uzi, unakivaa shingoni. Ukikibonyeza kinapiga simu kwenye ofisi fulani, na mtu wa huko anazungumza nawe kutoka kifuani kwako mwenyewe. Hakiogopi maji na kinafanya kazi popote penye mtandao wa simu. Binti yangu ndiye aliyenivisha, baada ya mguu wangu mmoja kuanza kuchoka kabla ya mwenzake. Kazi yake ni kupanga zamu za watu wanaokwenda kuwahudumia wazee majumbani. Kwa hiyo kwake yeye wazee wa London wako namna mbili: walioanguka, na wanaongoja zamu yao.

Waliokitengeneza kile kidude, nina hakika, hawasali. Adhuhuri moja nilisujudu, kidude kikatangulia kwenye mswala, paji la uso wangu likakifuata. Nikasikia mwanamke anasema kwa Kiingereza, "Halo, mpenzi, uko salama?" Sasa mtu utajibu nini, nawe uko mbele ya Mola wako? Nikanyamaza. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nikapandisha kisomo kidogo ili ajue kwamba mimi ni mzima, naye akadhani nagumia kwa maumivu. Siku ile mlango sikuufunga, nilikuwa namngojea jirani anirejeshee sufuria. Nikamaliza sala kwa utulivu wangu, nikaongeza na sunna. Nilipogeuza uso kulia kutoa salamu, niliona jozi ya viatu vizito. Nikageuza kushoto, nikaona jozi nyengine. Vijana wawili wa ambulansi, wapole kabisa, wamesimama wananingoja nimalize kufa.

Mara ya pili ilikuwa unga. Nilikuwa nakanda wa chapati, nikajibana kwenye ukingo wa meza. Yule yule mwanamke. "Umeanguka tena, mpenzi?" Nikamwambia sijaanguka hata mara ya kwanza: ile ilikuwa sala, na hii ni chapati. Tangu siku hiyo nikawa nakitupa kidude mgongoni, kama mtoto, na tukaishi kwa amani.

Kisha nikaanguka kweli. Bafuni. Niliteleza, nikakaa chini kati ya beseni na ukuta, na mguu ule mvivu ukakataa kusimama. Kidude kilikuwepo mgongoni. Sikukibonyeza. Nilikuwa na kanga moja tu, tena imelowa, na nilikumbuka vile viatu vizito. Nikasema siwaiti wanaume waje wanione hivi, nitasubiri mguu upate akili. Mguu haukuwa na haraka. Nilikaa pale mpaka mjukuu wangu alipokuja jioni kuchukua ubao wake. Alinikuta nimejiegemeza ukutani, midomo imebadilika rangi. Nikamwambia nilikuwa napumzika.

Binti yangu alifika usiku ule na sauti yake ya kazini. Sauti ile naijua. Haipandi wala haishuki, inateremka tu juu yako kama shuka la hospitali.

"Mama, usipohitaji msaada unabonyeza. Ukihitaji, hubonyezi."

"Mara ya kwanza sikubonyeza mie. Ni sijida."

"Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa mtu wa kubonyeza, ningekuacha hapa miaka mia. Lakini wewe, siku ya kweli, utakufa huku kidude kinaning'inia. Mwisho wa mwezi unarejesha ufunguo kaunsili, unahamia kwangu. Silo ombi, Mama."

Sasa nieleze ufunguo huo ni wa nini. Ni wa vyumba viwili vya kupanga kwa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na jiko ambamo dirisha moja halifungiki na jengine halifunguki. Nilikipata kile kifleti baada ya miaka ya kulala katika sebule za watu, naondoka alfajiri kwenda kufagia ofisi kabla wenyewe hawajafika. Jiko nililipaka rangi mwenyewe, rangi mbaya, na hakuna aliyenambia niibadilishe. Naamka saa niitakayo. Nikitaka kukaanga papa, nakaanga papa, na ngazi zote za jengo zinajua. Mtu akinambia nihame hapo kwenda kulala na mashine ya kufulia, hata kama mtu huyo nimemzaa, ajue kwamba ananiomba kitu kikubwa.

Sikumwambia hivyo. Mimi nilimwambia, "Mtu anayeweza kwenda baharini peke yake akarudi, anaweza kuoga peke yake."

Binti yangu akacheka, kwa mara ya kwanza usiku ule. "Bahari gani, Mama? Bahari uliyoiona mwisho ni beseni."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na ubao wake. Kwetu Pemba bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, mume wetu ni mmoja, marehemu babu yake, na kila mmoja anamwona mwenziwe kamharibia ndoa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Ila "mke mwenza" anaisema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo inayouma vizuri.

"Mke mwenza," akasema, "wewe unaweza kupanda mawimbi kweli?"

"Nimeyapanda kabla mama yako hajapata meno. Kwa kipande cha mlango mbovu."

"Maji ya huku ni baridi, lakini. Utakufa, halafu mume atabaki wangu peke yangu."

"Nikirudi," nikamwambia, "utanipisha kitanda."

Wao wakaona mzaha. Mimi nilianza kuhesabu mwezi.

Mtu aliyekulia pwani hapigi simu kuuliza maji. Tulipokuwa wasichana tulikwenda kuchokoa pweza, na pweza huchokolewa maji yakitoka sana, na maji hutoka sana wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo, kwetu, saa nne ya asubuhi maji yako mbali kabisa, na saa kumi ya alasiri yamejaa. Hayo sikufundishwa darasani. Darasani mimi nilifika la nne tu. Hayo ninayo kama nilivyo na jina langu. Basi nikatazama dirishani (lile lisilofungika), nikaona mwezi umejaa juu ya paa za watu, nikasema kesho. Nitafika maji yakiwa yanatoka, nitapata mchanga wa kutosha na mawimbi mepesi, nitacheza mpaka saa nne, nirudi zangu. Mpango ulikuwa hauna kasoro hata moja. Ulikuwa tu wa bahari nyengine.

Nilimsubiri binti yangu anipigie simu yake ya asubuhi ya kuhakikisha kwamba sijafa. Nikamwambia sijafa. Kisha nikatoka.

Mavazi yangu niliyafikiria. Suti ya mpira ya mjukuu wangu niliijaribu, ikafika magotini ikasema basi. Nikavaa suruali za kubana mbili, vazi la kuogelea la kufunika mwili ambalo mjukuu aliniletea Idi moja nikamwuliza nilivae wapi, juu yake sweta la sufu, soksi za sufu, kitambaa kichwani, na koti refu juu ya yote. Kidude nikakitupa mgongoni chini ya sweta. Kwenye mfuko nikaweka taulo, nguo kavu, chupa ya chai, chapati mbili, simu, pasi ya basi na ufunguo. Ubao mfupi nikautia kwapani.

Waingereza wana adabu moja naipenda. Unaweza kuingia na punda katika Victoria line, treni ya chini ya ardhi, saa ya watu kwenda kazini, na hakuna atakayekutazama. Watatazama viatu vyao. Watampisha punda. Nilisimama na ule ubao wa rangi ya chungwa mpaka stesheni ya treni kubwa, na mtu mmoja tu aliyesema neno. Alisema "samahani," kwa sababu mimi nilimpiga nao kichwani.

Treni ilinishusha katika mji ambao sikuwa nimeufikia kabla. Niliuchagua kwa kuwa mjukuu wangu aliwahi kusema kwamba huko mawimbi ni ya wanaojifunza. Nikaufuata upepo mpaka baharini. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, anga la rangi ya sufuria ya zamani, na ufukwe mzima hauna mtu, isipokuwa bwana mmoja mbali sana anayetembea na mbwa. Juu, karibu na barabara, kokoto tupu. Chini ya kokoto, kipande cha mchanga uliolowa. Na katikati safu za magogo yaliyochomekwa ardhini, yameingia mpaka ndani ya maji kama ua wa shamba.

Nikatazama ule mchanga uliolowa. Nikajisemea, umeona? Maji ndiyo kwanza yanatoka, hata mchanga haujakauka. Nikashuka mpaka chini kabisa, nikauweka mfuko wangu kwenye mchanga, nyuma ya gogo, usipeperushwe na upepo. Koti na viatu nikaviweka juu yake. Niliupangilia vizuri. Ukiwa mtu wa pwani huhitaji kuweka vitu vyako kule juu kwenye kokoto kama mtalii.

Uzi wa ubao nikaufunga mkononi, nikasema bismillahi, nikaingia.

Baridi ya kawaida huanza na ngozi kisha ikaingia. Ile ilianza na mfupa ikatoka nje. Miguu sikuisikia tena tangu hatua za mwanzo, na nilishukuru, kwa sababu ule mguu mvivu nao ulisahau kulalamika. Maji yalipofika tumboni nilisema maneno ambayo sitayaandika. Sweta la sufu, ambalo lilikuwa hoja yangu kubwa dhidi ya baridi, likanywa nusu ya bahari na kunivuta chini kama mdai. Nikalivua, nikalifunga kiunoni. Hapo nikawa nafanana, nadhani, na mtu anayehama na vitu vyake vyote.

Wimbi la kwanza lilinigeuza kichwa chini bila kuniuliza. La pili vile vile. La tatu liliuchukua ubao, na kwa kuwa ubao umefungwa kwangu, likanichukua na mimi, mgongo ukitangulia, mpaka nilipokaa kitako kwenye mchanga, bila mtazamaji hata mmoja. Na hilo ndilo lililonijia pale nilipokaa, natema chumvi. Nimekuja kuonyesha watu kwamba naweza, na watu hawapo. Ningeweza kulala hapa ufukweni, nikanywa chai yangu, nikarudi London na nywele zilizolowa, na ushahidi ungekuwa ni uleule.

Nikarudi ndani. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimeshakasirika.

Utotoni siri ilikuwa ni kutolifuata wimbi. Unaligeuzia mgongo, unalala juu ya ubao wako, unangoja mpaka usikie miguu inanyanyuka yenyewe. Nikafanya hivyo. Niliacha moja likapita, na jengine likapita. Halafu miguu ikanyanyuka. Mwanzo ni kama mtu anakunyanyua kwapani, kisha hakuna mtu, kuna mwendo tu, na povu linakimbia pande zote mbili za uso wako, na ardhi inakuja. Mwili wangu ambao huvutwa kwenye ngazi kila siku, kipandio baada ya kipandio, ulikuwa hauna uzito hata wa kanga. Sikupiga kelele. Basi, nilipiga, lakini kidogo, na kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyeelewa.

Nikarudi tena. Na tena. Sikuhesabu, wala sikutazama nyuma. Mtu hutazama nyuma akiwa na wasiwasi na vitu vyake, na mimi nilikuwa najua kwamba kadiri ninavyocheza, bahari inazidi kuuacha mfuko wangu mbali.

Baridi ndiyo iliyonitoa. Vidole vilikataa kuushika ubao. Nikageuka kutoka, na lile nililoliona sikulielewa mara moja. Mchanga haupo. Maji yalikuwa yamefika kwenye kokoto, yanazichota na kuzirudisha kwa kelele kama mtu anaosha dengu kwenye sinia. Safu za magogo zilikuwa zimezama, vichwa tu vinaonekana. Nikatafuta gogo langu. Yote yalikuwa yanafanana. Nyuma ya moja kulikuwa na kiatu changu kimoja, kinaelea, kinazunguka polepole, hakina haraka ya kwenda popote.

Nilisimama kwenye maji, nikatazama juu, kana kwamba mchana ule ningeuona mwezi na kuuliza kulikoni. Mwezi ni uleule. Bamvua ni ileile. Ila huku saa zake ni nyengine kabisa, na hilo wanalijua mpaka watoto wa huku, limeandikwa kwenye simu zao. Mimi nilikuwa na elimu yote ya Pemba nzima, nikaenda nayo kuweka ufunguo wa nyumba yangu mbele ya maji yanayojaa.

Nilipanda kwenye kokoto na soksi zangu. Yule bwana na mbwa wake hawakuwepo tena. Upepo ulinipata, na pale ndipo nilipojua kwamba kumbe kule majini kulikuwa na joto. Koti hakuna, simu hakuna, chai hakuna. Mwili ukaanza kutetemeka kwa namna ambayo sikuiamuru. Barabarani kulikuwa na ukuta mrefu, ngazi za kupandia ziko mbali, na mguu ule mvivu ulikuwa umeamka na hasira zote za asubuhi. Nilikwenda hatua chache. Nikakaa. Nikajaribu kunyanyuka, mguu ukakataa kama ulivyokataa bafuni.

Mgongoni kidude kilikuwa kimenigandia kama ruba.

Wallahi, nilibishana. Nilijua nikikibonyeza, simu itakwenda ofisini, na ofisi itampigia binti yangu, na binti yangu atajua niko wapi, na ufunguo uko wapi, na hapo mambo yameisha. Chumba cha nyuma. Mashine. Nisipokibonyeza, labda mtu atapita. Labda mguu utapata akili. Nikangoja uipate. Hapo nikajikuta nimekaa vile vile nilivyokaa kati ya beseni na ukuta, nimekumbatia magoti, nangoja vile vile, na neno nililokuwa nimeshaliandaa la kumwambia atakayenikuta lilikuwa ni lile lile: napumzika.

Nikaona aibu, na sijui ilikuwa mbele ya nani.

Nikapitisha mkono nyuma, nikauvuta uzi, kidude kikazunguka mpaka kifuani. Vidole vilikuwa haviinami. Nikakibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayeponda mdudu.

"Halo, mpenzi," yule mwanamke akasema. Alikuwa ni yeye. "Unasali, au ni chapati?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo nahitaji."

Sauti yake ikabadilika palepale. Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko baharini. Nadhani alitazama anachokitazama, kisha akasema, taratibu, "Ni kweli. Uko baharini." Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona ukuta, na mwisho wa ukuta kibanda chenye mwavuli uliofungwa. Akasema nisikae kimya, nizungumze naye. Nikamuuliza nizungumze nini. Akasema, "Nieleze hiyo chapati." Basi mimi, meno yanagongana, nikamweleza mwanamke nisiyemjua, kutoka kifuani kwangu, kwamba maji yawe ya moto na unga usikandwe kwa haraka, mpaka nilipowaona watu wawili wanatoka kwenye kibanda wanakimbia kwenye kokoto na blanketi. Aliwapigia simu yeye. Nilikuwa sijafika kwenye samli.

Wakanikalisha kibandani, wakanipa chai ya maziwa isiyo na kitu ndani yake, hata iliki. Ilikuwa chai nzuri.

Binti yangu alifika mchana na gari aliloazima kwa mwenziwe wa kazini, bado amevaa kitambulisho shingoni, na mjukuu wangu nyuma yake. Alisimama mlangoni. Alinitazama mimi, akatazama ubao, akatazama soksi. Niliiona ile sauti ya kazini inakuja, inapanda kooni kwake, halafu haikutoka.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza.

"Baharini."

"Simu?"

"Baharini. Na koti. Na chapati."

"Wamenambia kidude kililia." Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. "Kililiaje, Mama? Uliangukia ubao? Wimbi lilikibana?"

"Kilikuwa mgongoni."

"Sasa nani alikibonyeza?"

"Mie."

"Kwa paji la uso?"

"Kwa kidole," nikasema, na nikamwonyesha kidole chenyewe, maana bado kilikuwa kimepinda. "Nilikaa kwanza. Nilitaka kungoja. Halafu nikabonyeza."

Alikishika kile kidole, akakisugua kwa mikono yake miwili kama anavyomsugua mtoto aliyetoka kuoga, na aliendelea kukisugua hata baada ya kupata joto. Mjukuu wangu akaingilia, kwa Kiingereza chake.

"Mke mwenza, lakini uliyapanda? Ulisimama?"

"Kulala. Mume wetu hakuoa mwanasarakasi."

"Na mfuko uliuweka wapi?"

Nikamweleza, kwa kifupi. Akatoa simu, akanionyesha pale penye saa za maji, za mji ule, za siku ile, kujaa na kutoka, zimepangwa kama ratiba ya treni. Nikamwambia aiondoe mbele yangu.

Tulirudi London kwenye foleni ndefu, mimi mbele na hita inanipulizia usoni, ubao umelala nyuma juu ya mapaja ya mwenyewe. Peckham iko kusini ya mto, kwangu kaskazini, na sisi tulikuwa tunatokea kusini. Nilikuwa naangalia kila kibao. Nilingoja gari ligeuke. Likapita njia ya Peckham, likavuka mto, likaendelea. Sikuuliza. Kuna maswali ambayo ukiyauliza unamkumbusha mtu.

Tulipofika ghorofa ya tatu binti yangu akatoa funguo zake, akafungua mlango wangu kwa ufunguo wake wa akiba. Kisha akasimama pale pale kizingitini, akahangaika na ile pete ya funguo, akavunja ukucha, akatukana kidogo kwa Kiingereza, akauchomoa ule ufunguo mmoja, akanitia mkononi.

"Huu ukienda nao pwani," akasema, "uweke juu kwenye kokoto."

"Na wewe utaingiaje ukija?"

"Nitagonga. Kama watu." Akaingiza mkono nyuma ya shingo yangu, akakivuta kidude kutoka mgongoni, akakiweka kifuani, akakinyoosha uzi. "Hiki kikae hapa. Ukisali kivue, ukiweke pembeni ya mswala. Kwani kuna ugumu gani?"

Hakukuwa na ugumu wowote. Ni kwamba mwaka mzima hakuna aliyelifikiria hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Halafu akaziona zile mbao, ule mrefu umesimama nyuma ya mlango na ule mfupi mjukuu wangu anauegemeza kando yake, unachuruza maji ya chumvi kwenye zulia langu. Akapandisha pumzi, akasema ile siku yenyewe imemtosha, zile mbao zitoke, ziuzwe, zitupwe.

Nikamwambia aziache. Kwake hakuna nafasi, lakini huku ipo.